Maswali Mawili Mbele ya Mpigakura wa Arizona: Mtoto Tumboni na Mgeni Mlangoni

Jumanne, tarehe 5 Novemba 2024, wananchi wa Marekani watapiga kura kumchagua Rais wa 47 wa taifa lao. Kwa miezi kadhaa habari zinazotufikia zimekuwa za watu wachache tu: Rais Joe Biden, Mkatoliki, aliyejiondoa katika kinyang'anyiro tarehe 21 Julai, Makamu wake, Kamala Harris, aliyeshika nafasi hiyo kwa tiketi ya Chama cha Democratic, Donald Trump wa Chama cha Republican, aliyenusurika kuuawa kwa risasi huko Butler, Pennsylvania, tarehe 13 Julai, na mgombea mwenza wake, Seneta J. D. Vance, aliyepokelewa katika Kanisa Katoliki mwaka 2019. Mambo hayo yana uzito wake. Hata hivyo, anayeyafuata hayo peke yake ataona nusu tu ya uchaguzi, na pengine nusu iliyo ndogo kwa mtu ambaye kwanza anauliza: uhai wa binadamu na utu wake vitalindwaje baada ya siku hiyo?

Msomaji atuvumilie kwa neno moja. Sisi Wakatoliki tukisikia “jimbo” tunamfikiria kwanza askofu na kanisa kuu lake. Katika makala haya jimbo ni sehemu ya shirikisho la Marekani, yenye gavana wake, bunge lake, mahakama zake na katiba yake. Jimbo la askofu tutaliita jimbo la Kanisa. Tofauti hii si ya maneno tu. Marekani ina majimbo 50, na mambo mengi yanayogusa maisha ya mtu tangu kutungwa mimba hadi kaburini huamuliwa huko, wala si Washington. Tangu tarehe 24 Juni 2022, Mahakama ya Juu ya Marekani ilipofuta hukumu ya mwaka 1973 ya kesi ya Roe dhidi ya Wade, sheria kuhusu utoaji mimba imerudishwa mikononi mwa majimbo. Ndiyo maana siku ile ile ya kumchagua Rais, majimbo kumi yatawauliza wananchi wake, kwa namna moja au nyingine, kuhusu suala hilo: Arizona, Colorado, Florida, Maryland, Missouri, Montana, Nebraska, Nevada, New York na South Dakota.

Kati ya hayo kumi, jimbo la Arizona linastahili kutazamwa kwa makini kuliko mengine, na sababu yake inatoka kinywani mwa Baba Mtakatifu Francisko mwenyewe. Tarehe 13 Septemba, akiwa ndani ya ndege akirejea Roma kutoka Singapore, mwishoni mwa ziara yake ndefu ya Asia na Oseania, aliulizwa na mwandishi wa habari nini ushauri wake kwa Mkatoliki wa Marekani anayetakiwa kuchagua kati ya mgombea anayetetea utoaji mimba na mgombea anayetaka kuwafukuza mamilioni ya wahamiaji. Baba Mtakatifu hakukwepa. Alisema kwamba wote wawili wanakwenda kinyume cha uhai: kumwondoa mtoto tumboni ni kuua, na kumfukuza mhamiaji na kumwacha bila msaada ni dhambi nzito. Akaongeza kwamba kupiga kura ni wajibu, kwamba mwamini achague lililo ovu kidogo, na kwamba ni juu ya kila mmoja kuamua katika dhamiri yake. Yeye hakutaja jina.

Maneno hayo yalizua mjadala mkubwa. Wako waliolalamika kwamba Papa ameyaweka mabaya mawili kwenye mizani moja kana kwamba yana uzito sawa. Wako waliofurahi kwamba sasa wamepata ruhusa ya kupiga kura kama walivyokwisha kuamua zamani. Wachache sana walitambua kwamba kuna mahali ambapo mambo hayo mawili hayakufungwa pamoja ndani ya mgombea mmoja, bali yamewekwa mbele ya mpigakura moja moja, kila moja likisubiri jibu lake la Ndiyo au Hapana. Mahali hapo ni Arizona. Humo, Pendekezo Namba 139 linahusu mtoto aliye tumboni, na Pendekezo Namba 314 linahusu mgeni anayevuka mpaka kutoka Mexico.

Tuanze na la kwanza. Mnamo tarehe 9 Aprili 2024, Mahakama ya Juu ya Arizona, kwa kura nne dhidi ya mbili, iliamua kwamba sheria ya mwaka 1864 ingali hai. Sheria hiyo ilitungwa Arizona ikiwa bado haijawa jimbo (ililipata hadhi hiyo mwaka 1912), tena Marekani ikiwa katikati ya vita vya wenyewe kwa wenyewe. Ilimwadhibu kwa kifungo cha miaka miwili hadi mitano anayemtoa mwanamke mimba, isipokuwa pale tu inapolazimu kuokoa uhai wa mama. Hukumu hiyo iliwapata wanasiasa wa chama kilichojiita mtetezi wa uhai wakiwa hawajajiandaa hata kidogo. Trump mwenyewe alisema mahakama imepitiliza. Wiki chache baadaye, baadhi ya wabunge wa Republican waliungana na wa Democratic, na katika Seneti ya jimbo sheria hiyo ikafutwa kwa kura 16 dhidi ya 14. Gavana Katie Hobbs, wa Democratic, aliitia saini tarehe 2 Mei. (Mmoja wa maseneta wawili wa Republican waliopiga kura ya kuifuta ni Shawnna Bolick, ambaye mumewe, Jaji Clint Bolick, alikuwa miongoni mwa majaji wanne walioitambua. Siasa za jimbo huwa karibu na meza ya chakula kuliko tunavyofikiri.)

Iliyobaki wakati huo ilikuwa sheria ya mwaka 2022 iliyoruhusu utoaji mimba hadi wiki ya 15. Ni sheria yenye kasoro kubwa machoni pa Kanisa, kwa kuwa mtoto wa wiki ya kumi si mtu pungufu kuliko wa wiki ya ishirini. Lakini Pendekezo Namba 139 lataka zaidi sana ya kuiondoa. Linataka kuandika ndani ya katiba ya Arizona kwamba utoaji mimba ni haki ya msingi hadi mtoto afikie hatua ya kuweza kuishi nje ya tumbo la mama, na hata baada ya hatua hiyo ikiwa mtoa huduma wa afya ataona kwa nia njema kwamba inahitajika kwa ajili ya uhai wa mama au afya yake ya mwili au ya akili. Waliolileta walikusanya saini nyingi mno: zilizohitajika zilikuwa 383,923, na zilizothibitishwa kuwa halali zimepita 577,000. Maaskofu Katoliki wa Arizona, kwa njia ya baraza lao, wamewaomba waamini na watu wote wenye mapenzi mema waseme Hapana.

Je, watasikilizwa? Hapa inatupasa kusema ukweli bila kujifariji. Katika miaka ya 2022 na 2023 suala hili lilipelekwa kwa wananchi katika majimbo saba, na katika yote saba upande uliotetewa na maaskofu ulishindwa. Haikuwa California na Vermont tu, ambako matokeo yalitarajiwa. Kansas, jimbo ambalo kwa miongo mingi halijampa kura mgombea urais wa Democratic, lilikataa marekebisho ya katiba mnamo Agosti 2022 kwa takribani asilimia 59, ingawa Jimbo Kuu la Kanisa la Kansas City lilichangia zaidi ya dola milioni 2 katika kampeni. Kentucky ilifuata Novemba mwaka huo. Ohio, mwezi Novemba 2023, iliandika haki ya utoaji mimba katika katiba yake kwa takribani asilimia 57 ya kura. Miongoni mwa waliopiga kura hizo wamo watu wanaokaa nasi katika benchi moja la kanisa.

Kwa maoni ya mwandishi wa makala haya, fedha na mabango havikupungua katika majimbo hayo. Kilichopungua ni miaka hamsini ya kazi ambayo ingepaswa kutangulia sheria. Kwa nusu karne watetezi wengi wa uhai waliweka matumaini yao kwa majaji: wakipatikana majaji watano wanaofaa, mambo yatakwisha. Majaji walipatikana, hukumu ikatoka, na asubuhi yake ikaonekana kwamba mama mjamzito asiye na bima ya afya, asiye na likizo ya uzazi yenye malipo, aliyekimbiwa na baba wa mtoto, hakuwa ameulizwa na mtu yeyote anahitaji nini. Vituo vya Kanisa vilivyomhudumia vilikuwepo, na vinastahili heshima kubwa. Lakini havikuwa sauti iliyosikika kwenye kampeni. Sauti iliyosikika ilikuwa ya chama. Mwananchi aliyeshuku chama akashuku na ujumbe wake.

Mtakatifu Yohane Paulo II, katika waraka wake wa mwaka 1995 juu ya Injili ya uhai, aliliona tatizo hili la sheria pungufu. Alifundisha kwamba pale isipowezekana kufuta kabisa sheria inayoruhusu utoaji mimba, mbunge ambaye msimamo wake dhidi ya uovu huo unajulikana wazi anaweza kwa haki kuunga mkono sheria inayopunguza madhara yake. Kwa mwanga huo Mkatoliki wa Arizona anaweza kupiga kura ya Hapana, akaiacha sheria ya wiki 15 ibaki, bila kuibariki. Hailindi kila mtoto, lakini inaacha mlango wazi kwa bunge kuirekebisha. Pendekezo Namba 139 likipita, mlango huo unafungwa na kufuli ya katiba.

Swali la pili halikupewa nafasi kubwa hivyo katika magazeti ya kimataifa. Mapema mwaka 2024 bunge la Arizona, ambalo Warepublican walilishika wakati huo kwa tofauti ya viti viwili tu katika kila chumba, lilipitisha mswada wa kuufanya uvukaji wa mpaka usio halali kuwa kosa la jinai la jimbo. Gavana Hobbs aliukataa kwa kura ya turufu. Wabunge wakatumia njia nyingine: mwezi Juni walipitisha azimio la kulipeleka jambo hilo moja kwa moja kwa wananchi, ambako gavana hana turufu. Ndilo Pendekezo Namba 314. Likipita, polisi wa jimbo wataweza kumkamata anayeingia kutoka nchi ya nje mahali pasipo kituo rasmi cha mpaka, na mahakimu wa jimbo wataweza kuamuru arudishwe alikotoka. Limeunganishwa na mambo mengine ambayo ni vigumu mtu kuyapinga, kama vile adhabu kali kwa anayeuza dawa ya kulevya ya fentanili ikasababisha kifo.

Kipengele cha kukamata hakitaanza kutumika mara moja. Kinasubiri sheria ya Texas, iliyotiwa saini na Gavana Greg Abbott mnamo Desemba 2023 na kuzuiwa na mahakama za shirikisho, au sheria nyingine ya aina hiyo, itumike kwanza kwa siku 60 mfululizo. Kwa hiyo anayetaka kujua Arizona inaelekea wapi hana budi kutazama Texas. Huko, mwezi Februari, Mwanasheria Mkuu wa jimbo, Ken Paxton, aliichukulia hatua za kisheria Annunciation House ya El Paso, nyumba ambayo tangu mwaka 1978 Wakatoliki wamekuwa wakiwapokea humo wahamiaji na wakimbizi, akitaka ifungwe kwa madai kwamba inaficha watu walioingia kinyume cha sheria. Jaji wa El Paso aliyakataa madai hayo mwezi Julai. Paxton alikata rufaa. Askofu Mark Seitz wa El Paso, ambaye mwaka 2024 alikuwa pia mwenyekiti wa kamati ya wahamiaji ya Baraza la Maaskofu Katoliki Marekani, alisimama upande wa nyumba hiyo, kama alivyoipinga sheria yenyewe ya Texas. Anayesoma sura ya 25 ya Injili ya Mathayo hana haja ya kuuliza kwa nini.

Arizona yenyewe ina kumbukumbu. Mwaka 2010 ilipitisha sheria iliyowapa polisi amri ya kuuliza uhalali wa ukaazi wa watu waliosimamishwa, na mwaka 2012 Mahakama ya Juu ya Marekani ilifuta sehemu kubwa ya sheria hiyo kwa kuwa mambo ya uhamiaji ni ya serikali ya shirikisho. Wanaotetea Pendekezo Namba 314 wanasema safari hii limeandikwa kwa uangalifu: polisi lazima awe na sababu ya msingi, kama vile kumwona mtu akivuka. Wasiwasi wa wapinzani ni kwamba hofu haisomi vifungu vya sheria. Mama anayezungumza Kihispania, aliye raia, ambaye mtoto wake ameibiwa au binti yake ameshambuliwa, akiogopa kumwita polisi, basi aliyevunja sheria ndiye amelindwa.

Mafundisho ya Kanisa juu ya wahamiaji yana pande mbili, na anayeshika upande mmoja tu hajayafundisha. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2241, inasema kwamba mataifa yenye uwezo yanawajibika, kadiri yanavyoweza, kumpokea mgeni anayetafuta usalama na riziki; inasema vilevile kwamba mamlaka za nchi zaweza kuweka masharti kwa ajili ya mafao ya wote, na kwamba mhamiaji hana budi kuheshimu sheria na urithi wa nchi inayompokea. Mkatoliki anayetaka mpaka wenye utaratibu hajatenda kosa. Jangwa la Sonora limezika maelfu ya watu tangu miaka ya 2000, wengi wao wakiwa wameongozwa na walanguzi wasiojali kama wataishi au watakufa. Mpaka usio na utaratibu hauwasaidii hao. Swali ambalo dhamiri inapaswa kujibu juu ya Pendekezo Namba 314 ni jembamba zaidi: je, kumfanya kila askari wa jimbo kuwa mlinzi wa mpaka kutaleta utaratibu huo, au kutaongeza tu idadi ya watu wanaoishi kwa kujificha? Mwandishi huyu haoni ushahidi wa kwanza, na anaona dalili nyingi za pili.

Kuna jambo la kisheria linaloyapa maswali haya mawili uzito usio wa kawaida. Mwaka 1998 wananchi wa Arizona walijiwekea kanuni kwamba sheria iliyopitishwa na wapigakura haiwezi kubadilishwa na bunge ila kwa robo tatu ya kura za wabunge, tena kwa nia ya kuliendeleza kusudi la sheria hiyo. Gavana anaondoka baada ya miaka minne, Rais vilevile. Lakini kitakachoandikwa tarehe 5 Novemba, iwe kwa Namba 139 au kwa Namba 314, hakuna bunge la kawaida litakaloweza kukitengua. Kitabaki hapo hadi wananchi wenyewe waulizwe tena.

Huenda msomaji anajiuliza kwa nini maaskofu wanasema waziwazi juu ya pendekezo lakini wako kimya juu ya wagombea. Sehemu ya jibu ni sheria ya kodi. Tangu mwaka 1954, taasisi zisizolipa kodi nchini Marekani, makanisa yakiwemo, haziruhusiwi kumuunga mkono au kumpinga mgombea yeyote. Zinaruhusiwa, kwa kiasi, kusema juu ya hoja na sheria. Paroko wa Phoenix anaweza kusimama mimbarini Jumapili na kuwaambia waamini wasiipigie Ndiyo Namba 139. Akitaja jina la Harris au la Trump kwa namna hiyo hiyo, amevuka mstari. Sehemu kubwa ya jibu, hata hivyo, si kodi. Maaskofu wa Marekani, katika hati yao juu ya kuunda dhamiri kwa ajili ya uraia wenye uaminifu, wanayoitoa upya karibu kila msimu wa uchaguzi, wanasema kwamba hawawaambii waamini wampigie nani kura, bali wanawasaidia kuunda dhamiri. Katika utangulizi wa mwaka 2023 wameutaja utoaji mimba kuwa kipaumbele cha kwanza, na papo hapo wakataja mambo mengine yanayotishia uhai na utu.

Juu ya kumchagua Rais basi, Mkatoliki wa Arizona anabaki na mzigo wa zamani. Harris ameahidi kuurudisha kwa sheria ya shirikisho ulinzi uliotolewa na hukumu ya Roe, na alipoulizwa wiki iliyopita kama angekubali misamaha kwa sababu za kidini, alijibu kwamba haoni kwamba panapaswa kuwa na maridhiano katika jambo hilo. Jibu hilo liwatie wasiwasi wote wenye hospitali za Kikatoliki. Trump ameahidi operesheni kubwa kuliko zote katika historia ya nchi hiyo ya kuwafukuza wahamiaji, na katika mdahalo wa tarehe 10 Septemba aliwasingizia Wahaiti wa Springfield, Ohio, kwamba wanakula mbwa na paka wa majirani zao. Wala haifai kudhani kwamba kila chama kinashika kikamilifu ile nusu ya Injili ya uhai kinachojisifia. Ilani ya Republican ya mwezi Julai imeacha kudai ulinzi wa taifa zima kwa watoto walio tumboni na kuyaachia majimbo. Na Rais Biden, mwezi Juni, alibana sana nafasi ya kuomba hifadhi mpakani. Harris alikwenda Douglas, Arizona, tarehe 27 Septemba, akaahidi kubana zaidi. Mtoto na mgeni wote wawili wamepoteza marafiki mwaka huu.

Kardinali Joseph Ratzinger aliwaandikia maaskofu wa Marekani mwaka 2004 kwamba Mkatoliki akimpigia kura mgombea anayetetea utoaji mimba kwa sababu ya msimamo huo, anashiriki uovu wenyewe. Akimpigia kwa sababu nyingine, huo ni ushiriki wa mbali, unaoweza kuruhusiwa pakiwepo sababu zenye uzito unaolingana. Neno “unaolingana” limewakosesha usingizi watu wengi tangu hapo, nalo lilikusudiwa hivyo. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati ya Furaha na Matumaini ya mwaka 1965, namba 27, ulikwisha kuyataja katika orodha moja ya mambo ya aibu dhidi ya binadamu utoaji mimba na ufukuzaji wa watu. Orodha moja haimaanishi uzito mmoja. Inamaanisha kwamba asiyejali mojawapo hajapata ruhusa ya kutojali kutoka kwa lile jingine.

Hapa ndipo umuhimu wa karatasi ya Arizona unapoonekana. Kura ya Rais hupigwa kwa kifurushi: unamchukua mtu na yote aliyobeba. Mapendekezo hayana vifurushi vya namna hiyo. Mkatoliki anaweza kusema Hapana kwa Namba 139 na Hapana kwa Namba 314, na hakuna chama cha siasa kitakachomshukuru. Vyama vinajua hilo na havilipendi. Wademokrat wanatumaini Namba 139 itawavuta wapigakura wao watoke nyumbani. Warepublican wanatumaini vivyo hivyo kwa Namba 314. Kila upande ulilisukuma swali lake ukiwa na jicho kwenye kura 11 za wajumbe za Arizona, kati ya 538 zinazomchagua Rais, katika jimbo ambalo mwaka 2020 Biden alishinda kwa tofauti ya kura 10,457 tu kati ya zaidi ya milioni 3. Mtoto na mgeni wamegeuzwa kuwa kengele za kuita watu kwenye kura nyingine. Mwamini anayelisoma kila pendekezo kwa ajili ya jambo lenyewe ameshawaharibia hesabu.

Kazi hiyo si ndogo. Karatasi ya mwaka huu ina mapendekezo 13 ya jimbo zima, na katika wilaya ya Maricopa, penye mji wa Phoenix, kila mpigakura amepewa karatasi mbili zilizochapwa pande zote. Kuna viti vyote 90 vya bunge la jimbo. Kuna kiti cha Seneti ya Marekani wanachogombania Ruben Gallego na Kari Lake. Kuna majaji, akiwemo yule Jaji Bolick, ambao wananchi wanaulizwa kama waendelee, pamoja na Pendekezo Namba 137 linalotaka wananchi waache kuulizwa hivyo mara kwa mara. Ni wazi kwamba wengi watachoka kabla ya kufika chini.

Msomaji wa huku kwetu naye ana sababu ya kufuatilia, ambayo si udadisi tu. Katika mwaka wa serikali uliokwisha tarehe 30 Septemba 2024, Marekani ilipokea wakimbizi zaidi ya 100,000 kwa mpango wake rasmi, idadi kubwa kuliko zote katika miongo mitatu, na kundi kubwa kuliko yote lilikuwa la Wakongo, karibu 20,000. Wengi wa Wakongo hao huzungumza Kiswahili, na wako waliokaa miaka mingi katika kambi ya Nyarugusu mkoani Kigoma kabla ya kuitwa. Phoenix na Tucson zilikuwa miongoni mwa miji iliyowapokea, na taasisi za misaada za Kikatoliki zilikuwa mojawapo ya mikono iliyowatafutia nyumba na shule. Kwa sheria ya mwaka 1980 ni Rais anayepanga kila mwaka idadi ya juu ya watakaopokewa. Trump aliishusha hadi 18,000, kisha 15,000. Biden aliipandisha hadi 125,000. Familia iliyoko Nyarugusu yenye barua ya usaili mkononi haina kura Arizona, lakini inaisubiri tarehe 5 Novemba kama wanavyoisubiri wenyeji.

Wakongo waliofika zamani kidogo, wakatimiza miaka mitano na kula kiapo cha uraia, wao wana kura. Walioingia kwa njia rasmi, baada ya kuhojiwa kwa miaka, huenda wasimwonee huruma sana aliyeruka ukuta. Wengine wataona katika kila polisi anayeuliza karatasi sura waliyoikimbia. Wengi wao, kwa malezi yao, wanamwona mtoto tumboni kuwa ni baraka isiyojadiliwa. Vyama vyote viwili vingependa kujua watu hawa ni wa nani. Mapadre wanaowahudumia wamebakiwa na siku chache za kuwaeleza kwa Kiswahili nini kimeandikwa chini ya namba 139 na chini ya namba 314, na kwamba karatasi ya kura lazima iwe imefika mikononi mwa maofisa kabla ya saa moja jioni ya siku ya uchaguzi. Iliyowekwa posta siku hiyo haitahesabiwa.

Baada ya hapo ni kusubiri. Arizona huhakiki saini ya kila kura iliyopigwa mapema, na nyingi hupigwa hivyo, kwa hiyo hesabu huchukua siku kadhaa; mwaka 2022 ilichukua karibu wiki moja kujulikana nani amekuwa gavana. Bunge jipya la jimbo litafungua kikao chake Januari, likiwa na mapendekezo mawili ambayo, yakipita, litalazimika kuyatii.